Hundi ya Jumamosi

Baba yangu alijua kuendesha gari kabla hajajua kushika kalamu, na kalamu hakuwahi kuijua. Udereva alijifunza katika kambi ya wajenzi wa barabara, akiwa kibarua wa kumwaga kokoto. Alipoacha kazi hiyo alirudi kwetu Mutomo na pikapu ya samawati aliyoinunua ikiwa imeshachoka, akaanza kununua mbuzi na kuwapeleka Kitui mjini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye mikono yake ilitangulia mdomo. Mbuzi akigoma kupanda gari, alipigwa ngumi ya shingo. Sisi watoto tukisikia anavyoufunga mlango wa pikapu tulijua kama jioni hiyo tutakula kwa amani au tutakula huku mmoja wetu analia.

Mwaka mmoja wa sabini na kitu mvua zilikosa mara mbili mfululizo. Mbuzi waliobaki walikuwa ngozi na mifupa, hapakuwa na wa kununua wala wa kuuza, na baba akaamua kuiuza pikapu. Mimi nilikuwa msichana wa kidato cha pili, nimefunga shule likizo ya Aprili. Alitangaza sokoni, kanisani, na kwa kila dereva aliyepita kuelekea Kitui.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, saa tisa alasiri. Alivaa suti ya kijivu na viatu alivyokuwa amevifuta vumbi, na aliandamana na mwanamke aliyesema ni mke wake. Alijitambulisha kuwa mzee wa kanisa upande wa mji wa Wote, akataja na aya ya Biblia. Alilizunguka gari mara moja tu. Hakufungua boneti, hakuuliza linakula mafuta kiasi gani, na baba alipotaja bei, hakuomba apunguziwe hata shilingi. Siku hizi mtu asiyeomba apunguziwe nikimwona natafuta mahali pa kusimama karibu na mlango. Siku ile sote tulidhani ni baraka.

"Mzee," alimwambia baba, "kubeba pesa nyingi ndani ya basi ni kujitafutia kifo. Mimi nimekuja na hundi."

Baba aliipokea kwa vidole viwili, akanipa mimi. "Soma."

Niliisoma. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, kiasi kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, palikuwa na sahihi na muhuri. Hundi nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, picha yake katika kitabu cha shule.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Tata," nikamjibu baba, nikiona fahari.

Mama, tuliyemwita Mwaitu, akaleta chai. Yule mtu akaomba, tukafumba macho. Kisha baba akapaka wino kwenye kidole gumba na kukibandika kwenye fomu ya kuhamisha gari, akatoa logibuku, hati ya umiliki wa gari, iliyofungwa kwa kitambaa, akamkabidhi pamoja na funguo. Pikapu ikaondoka ikiacha vumbi. Benki zilikuwa zimefungwa tangu saa za mchana, na mpaka Jumatatu hakukuwa na mtu ambaye tungeweza kumuuliza lolote.

Jumatatu tulienda Kitui. Karani wa benki aliipokea hundi, akatuambia turudi wiki inayofuata. Tuliporudi, aliisukuma chini ya kioo ikiwa imeandikwa juu kwa wino mwekundu. Akaunti ile ilikuwa imefungwa miezi mingi iliyopita.

"Logibuku iko wapi?" karani akauliza.

"Nilimpa," baba akasema.

"Na fomu?"

"Niliweka kidole."

Karani alivua miwani akaipangusa, wala haikuwa chafu.

 Tulipofika nyumbani, baba aliingia kibandani alikokuwa akiweka vyuma vyake, akatoka na mkanda wa feni wa ile pikapu, uliochakaa, ambao hakuwa ameutupa. Nilikuwa nimesimama karibu na meko. Pigo la kwanza lilinipata shavuni, na sikuelewa ni nini, nilidhani sufuria imelipuka. La pili lilinipata shingoni. Baada ya hapo niliacha kujua yanatua wapi. Alikuwa akirudia maneno yaleyale kila anapoinua mkono: "Ulisema iko sawa. Ulisema iko sawa." Hakupiga kelele, na utulivu huo ndio ulionitisha zaidi. Nilijikunja chini nikaficha kichwa kati ya magoti, nikasikia harufu ya mpira na harufu ya damu yangu mwenyewe.

Mwaitu alijitupa katikati. Baba alimsukuma, naye akaanguka vibaya juu ya jiwe la kusagia, mkono ukiwa chini yake. Tulisikia mfupa. Hapo ndipo alipoacha. Alisimama akiutazama mkanda mkononi mwake, kisha akaenda kuomba gari la jirani ampeleke Mwaitu hospitali. Mkono ule haukunyooka tena. Mpaka alipofariki, mama alikuwa akifua nguo kwa mkono mmoja na kuzikamua kwa kuzibana chini ya kwapa.

Nilirudi shuleni nimejifunga kitambaa shingoni, nikawaambia wenzangu nimeungua na uji.

Mwaka uliofuata, likizo ya Agosti, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alimwambia baba ameiona pikapu Wote. Imepakwa rangi ya kijani, alisema, lakini kiraka alichochomelea baba kwenye mlango wa nyuma bado kipo. Baba alikuwa ameninakilisha nambari ya injini kwenye daftari siku nyingi kabla ya kuuza, nayo ilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki kwetu. Aliniambia nichukue daftari hilo. Yeye alichukua rungu, akalitia ndani ya gunia pamoja na nguo za kubadilisha.

Tulisafiri siku mbili, kwa kuwa ilibidi tuzunguke kupitia Machakos, tukafika Wote siku ya soko. Tuliikuta pikapu mbele ya duka la nafaka. Mwanamume mnene, anayechechemea mguu mmoja, alikuwa amefungua boneti akiongeza maji kwenye rejeta, huku mkewe akipima ndengu kwa debe pale mlangoni.

"Nenda usome," baba akaninong'oneza.

Nilisogea nikamsalimu yule mtu kwa adabu, nikainama kana kwamba natazama anachofanya. Alicheka, akaniuliza kama nataka kuwa fundi. Nambari ilikuwa palepale, imefunikwa na grisi. Niliifuta kwa kidole nikailinganisha na daftari, tarakimu moja moja. Nilijua rungu liko kwenye gunia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na jambo hilo nalijua mpaka leo, kwamba nililijua rungu.

"Ndiyo yenyewe, Tata," nikasema.

Yule mtu alikuwa bado ameinama na kopo la maji. Rungu lilimpata chini ya jicho. Alianguka juu ya injini yenye moto, akapiga yowe, akateleza mpaka chini, na baba akampiga tena mdomoni. Niliona meno yakitoka. Baba akamwacha akageukia gari lenyewe, akapasua kioo cha mbele, akapasua taa, akapiga boneti mpaka ikajipinda, kama mtu anayeua nyoka. Alikuwa akilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Yule mke alipiga ukemi: "Mwizi! Wanamuua mume wangu! Mwizi!"

Soko zima likageuka. Wanaume waliruka mafungu ya nyanya wakaja na mawe, na vyuma vya mizani, na fimbo za kuongozea ng'ombe. Baba alijitetea mara mbili tatu, kisha rungu likachukuliwa na yeye mwenyewe akapigwa nalo. Walimrarua shati. Kijana mmoja mwenye buti alisimama juu ya mkono wake wa kulia akazunguka kwa kisigino, kama mtu anayezima sigara, na vidole vitatu vikavunjika. Nilikuwa nikipiga kelele kwa Kikamba kwamba ni baba yangu, si mwizi, gari ni lake. Mwanamke muuza nyanya alinishika nguo, akaniangusha, akanikalia kabisa. "Nyamaza, mtoto," alinisemesha sikioni. "Wakijua uko naye, watakumaliza na wewe." Nilitazama yote nikiwa chini ya mwanamke huyo, kupitia miguu ya watu. Baba aliokolewa na askari wa utawala aliyefyatua risasi hewani.

Mahakamani ndipo tulipoujua ukweli wote. Yule mwenye duka alikuwa ameinunua pikapu kihalali kutoka kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine, na alikuwa na stakabadhi zote pamoja na logibuku yenye jina lake. Yule wa suti ya kijivu hakuna aliyemjua. Baba alifungwa miezi tisa. Mwenye duka alipoteza jicho.

Alinikuta nje kwenye ubao wa kukalia, bandeji imefunika nusu ya uso. Nilidhani atanipiga na nikakaa tayari.

"Msichana," alisema, maneno yakipita kwa shida mahali meno yalipokuwa, "mimi nilinunua. Niliuza ng'ombe saba nikanunua. Mbona hamkuniuliza?"

 Alingoja kidogo, kisha akachechemea kwenda zake.

Baada ya miaka mingi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kalamba. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, na Mwaitu alipofariki nilimchukua baba akae nami. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunji. Kila asubuhi alikalia kiti cha kamba mbele ya nyumba na fimbo yake ya kutembelea. Tuliongea juu ya mvua, ng'ombe na mahubiri. Juu ya Mutomo na Wote hatukuongea.

Nilikuwa na gari dogo la saluni nililolinunua kwa mkopo wa chama cha walimu, na nilitaka kuliuza ili nimalizie nyumba ya mawe. Niliandika tangazo, nikalibandika dukani. Ijumaa moja, tulipotoka shule, akaja mwanamume wa miaka thelathini hivi, mkoba mgumu mkononi, wa pembe za chuma. Alisema anafanya kazi na kampuni ya kuchimba visima. Aliomba kulijaribu gari, nikaketi naye, tukaenda mpaka sokoni na kurudi. Tuliposhuka uani alibaki na funguo. Alikubali bei yangu bila kunung'unika, kisha akafungua mkoba.

"Hii ni hundi iliyotolewa na benki yenyewe, Mwalimu. Hii haiwezi kurudi. Tena kampuni imeandika zaidi ya bei yako. Wewe nipe tofauti taslimu nimlipe fundi, halafu tuandikiane."

 Nilimtazama baba. Alikuwa ameinua kichwa.

"Asante," nikasema. "Jumatatu asubuhi tukutane Machakos, benki. Utaiweka mbele yangu. Siku meneja atakaponiambia kwa mdomo wake kwamba pesa zimeingia, nitakupa logibuku na kutia sahihi. Kabla ya hapo gari linalala hapa."

"Mwalimu, huniamini?"

"Sikujui."

Alicheka. Akasema mkewe amelazwa na anahitaji gari usiku huohuo. Akasema yeye ni Mkristo. Nilimwambia anirudishie funguo. Akatazama njia, akamtazama baba, akaona ni mzee kipofu, na uso wake ukabadilika. Logibuku ilikuwa kwenye mfuko wangu wa begani, na alikuwa ameiona nilipotoa leso. Aliuvuta. Mimi nikauvuta. Alinizaba kofi, na nilipokataa kuachia, alinipiga mdomoni na ule mkoba. Pembe ya chuma ilipasua mdomo wa juu mpaka kwenye fizi. Nilimrukia nikamng'ata mkono, nikasikia ngozi ikiachana kati ya meno yangu, na damu yake ikachanganyika na yangu. Sitadanganya kwamba niliogopa. Niliona raha. Nilitaka kufikia mfupa.

Alinipiga goti la tumbo, akaunyakua mfuko, akaruka ndani ya gari. Niliushika mlango kabla haujafungwa. Liliondoka nami nikiburutwa, magoti yakichimba changarawe, mpaka lilipojipiga kwenye rundo la mawe ya ujenzi nililokuwa nimelirundika karibu na lango. Injini ikazima. Wakati huo kelele zangu zilikuwa zimefika mbali. Wanawake waliokuwa kwenye maombi kwa jirani walikuja mbio, na vijana waliokuwa wakifyatua matofali bondeni wakaja na majembe.

Walimtoa kupitia dirishani. Sina haja ya kueleza yote waliyomfanya. Mmoja alimvunja goti kwa mpini. Mama mmoja wa kwaya yetu alimpiga kichwa kwa kiatu chake, akipiga na kuhesabu. Mtu akasema leteni mafuta ya taa, na mwingine akakimbia kweli kuyaleta. Mimi nilikuwa nimekaa chini, damu ikinitiririka mpaka kifuani, na nilijua kinachofuata, nami sikufungua mdomo. Ningesema ni kwa sababu ulikuwa umepasuka. Lakini ningeweza kupiga kelele.

Aliyekuja ni baba. Alipita katikati yao akipapasa kwa fimbo, na aliyesimama njiani alipigwa. Alimpiga kijana wa kwanza kwenye kiwiko, jiwe likaanguka. Alimpiga wa pili usoni. Alipofika kwa yule mtu aliyelala, alimwekea mguu kifuani.

"Huyu ni wangu!" alinguruma. "Damu iliyomwagika ni ya mtoto wangu. Nani kati yenu amemwagikwa na damu? Aje hapa mbele! Anayetaka kumpiga, aanze na mimi."

"Mzee, toka, huyo ni mwizi," mmoja akamwambia.

"Najua ni nini. Mimi nilishapigwa na watu kama ninyi mpaka nikajinyea. Toka kwangu!"

Aliwapungia fimbo huku na huku, machozi na mate yakimtoka, na watu wakarudi nyuma hatua, kisha hatua nyingine. Yule aliyekuwa na mafuta ya taa alisimama langoni na kibuyu cha plastiki, kisha akakiweka chini. Baba alimkamata mwizi kwenye ukosi kwa mkono ule mbovu, akamburuta mpaka stoo ya ndengu, akaingia naye na kufunga mlango kwa ndani. Mtu akatumwa kwa chifu.

Nilikaa kando ya mlango huo nimebana leso mdomoni. Nilisikia fimbo ikigonga mfupa, na yule mtu akilia.

"Mwaka ule Mutomo," baba aliuliza, "ni wewe?"

"Mzee, Mutomo sijawahi kufika."

Fimbo tena. "Mwenye suti. Ni wewe?"

"Mzee, nina miaka thelathini na moja. Nilikuwa mtoto."

 Kisha nikasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye mtungi ninaouweka humo, na baba akisema, "Kunywa."

Askari wa chifu walimchukua kabla jua halijazama. Ile hundi, tuliambiwa, ilichapwa na mtu mjini na haikutoka benki yoyote. Watu wawili waliouza magari yao kwa njia hiyohiyo walikuja kutoa ushahidi, naye akafungwa. Aliingia mahakamani kwa magongo.

Jioni ya Ijumaa ile, muuguzi aliponishona nyuzi sita, baba alikaa karibu yangu. Nilidhani atasema kitu juu ya mkanda wa feni. Aliinua mkono akaligusa kovu la shingoni kwangu, alilipata bila kupapasa, ingawa alikuwa haoni.

"Leo hukusema iko sawa," alisema.

"Hapana, Tata."

"Ile ya kwanza, mimi ndiye niliyetoa logibuku. Si wewe."

Ilikuwa karibu miaka kumi na tano tangu siku ile. Nililia mpaka uzi mmoja ukakatika, na muuguzi akanigombeza.

Jumatatu nilirudi darasani na mdomo umevimba. Watoto wanne walichelewa. Nilichukua fimbo niliyokuwa nikiitumia kila siku kama walimu wote, nikamchapa wa kwanza, na nilipoinua mkono kwa wa pili nikamwona amejikunja akificha kichwa. Nilimchapa. Niliwachapa wote wanne. Nimeandika hapa kwa kuwa nimesema mengi juu ya mikono ya watu wengine.

Gari lilinyooshwa bampa, na baada ya miezi miwili nililiuza kwa mkunga aliyekuwa akifanya kazi Wote. Alikuja na fundi wake, akafungua boneti, akalala chini akalitazama tumbo, akabishana nami juu ya bei saa nzima mpaka tukachukiana. Jumatano tulienda pamoja Machakos, saa tatu asubuhi. Alitoa pesa kwenye akaunti yake nami nikaziweka kwenye yangu, dirisha moja, karani mmoja, akipiga muhuri kwenye kitabu changu. Nikatia sahihi fomu, nikampa logibuku na funguo. Aliniuliza kama nataka anirudishe mpaka Kalamba kwa gari hilo. Nilikataa, nikatembea mpaka kituo cha basi nikijihisi mwepesi na mwenye njaa, nikanunua mkate na maziwa ya kumpelekea baba.